Tableti ilisema tayari, fundi bomba alijua bado

Jumamosi asubuhi, lori la kwanza la zege limeshaingia getini, ngoma inazunguka, la pili liko njiani linabanana na foleni ya Morogoro Road, pampu imeshanyoosha mkono wake mpaka juu ya slabu ya ghorofa ya pili. Mafundi wamevaa mabuti, vaibreta imejaribiwa, mama ntilie kashaambiwa leo aongeze sahani. Mi nimesimama pembeni na daftari langu, QS, yaani mkadiriaji majenzi, nasubiri kuhesabu mita za ujazo.

Injinia wetu kijana ameshika tableti, na kwenye tableti kila kitu kijani. Nondo kijani, boksi (zile mbao za kushikilia zege) kijani, umeme kijani, bomba kijani.

Fundi bomba akapanda ngazi taratibu, akaangalia upande wa vyoo, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa: "Sasa mnamwagaje wakati matundu ya bomba za choo hayajawekwa?"

Kimya.

Vile vipande vya bomba vinavyoachia nafasi kwenye slabu, ili baadaye bomba la maji machafu lipite bila kutindua zege, havikuwepo. Havikuwahi hata kufika saiti. Fundi bomba alishamwambia storekipa tangu Jumatano, storekipa akaandika kwenye kitabu chake kama inavyotakiwa, na kitabu kikabaki stoo.

Zege nalo halisubiri kikao. Kwa kawaida tunahesabu saa moja na nusu tangu lichanganywe mpaka limwagwe, na kwa jua la Dar hata hiyo ni nyingi. Dereva akaanza kuulizia maji aongeze kwenye ngoma lisikaze, formeni akamkatalia palepale, na mi namheshimu sana kwa hilo, maana maji ya kuongezea njiani ndo yanayokula nguvu ya zege na hakuna anayeona mpaka matokeo ya vipimo yarudi. Lori likarudishwa, la pili likageuzia njiani, pampu ikalipwa siku nzima kwa kusimama, watu wakakaa kivulini na sahani zao.

Kilichonikaa kichwani wiki zote hizi sio hela. Ni kwamba saiti nzima kulikuwa na mtu anajua, na amejua kwa siku tatu, na sisi tulikuwa na programu ya kisasa kabisa ya kutuambia tunachojua.

Tableti sio adui

Niseme mapema, maana najua kuna wazee wa kazi watasoma hapa wafurahi waseme "tuliwaambia hayo matableti ni mapambo". Hapana.

Nimefanya kazi saiti ambazo fundi anajenga ukuta kwa ramani ya zamani wakati ofisini kuna ramani ilishabadilishwa mara mbili, ukuta unapanda mpaka lenta, konsalta, yule mtaalamu anayesimamia kazi kwa niaba ya mwenye jengo, anakuja anasema bomoa. Hiyo kitu kwa sasa kwetu imepungua sana kwa sababu ramani mpya ikiingia ya zamani inatoka, hakuna karatasi ya kusahaulika kwenye gari la mtu. Halafu picha. Picha ya nondo kabla hazijafunikwa na zege, yenye tarehe na sehemu ilipopigwa, kwa mtu wa vipimo kama mimi ni dhahabu, kwa sababu zege likishamwagwa hakuna tena ubishi wa nondo zilikuwa ngapi na zimepishana kwa umbali gani.

Kwa hiyo programu inafanya kazi. Shida ni swali ililokuwa inauliza. Ilikuwa inauliza "imekamilika?" na ilikuwa inamuuliza injinia peke yake, naye anajibu kwa alichokiona akipita. Alipita juu ya slabu, akaona nondo zimefungwa vizuri, akaona mabomba ya umeme yamelazwa, akabonyeza kijani. Hakudanganya. Kitu ambacho hakipo hakionekani kirahisi, anayekiona ni yule anayekisubiri.

Mfini mmoja na ile 54

Nikaanza kusoma usiku. Watu wengi ukiwatajia lean, yaani kufanya kazi kwa kuondoa kila kinachopoteza muda na nguvu bure, wanakumbuka Toyota, na ni kweli kule ndo asili yake. Taiichi Ohno alikaa kiwandani miaka na miaka anaangalia tu vitu vinavyokula nguvu bila kuongeza chochote kwenye gari: kusubiri, kuhamisha mizigo, kuzalisha kuliko mahitaji, kurudia kilichoharibika na mengine ya aina hiyo. Ila kitu kilichonishika kwa Toyota sio ile orodha, ni kamba. Mfanyakazi wa kawaida kwenye laini akiona kitu hakiko sawa anavuta kamba, kiongozi wake anakuja, na kama halijatatuka laini inasimama, na hakuna anayemfokea.

Sasa fikiria saiti yako. Nani ana kamba?

Upande wa ujenzi, Lauri Koskela, Mfini, aliandika ripoti akiwa Stanford mwaka 1992 akasema tatizo la sekta yetu ni kuuangalia mradi kama rundo la kazi, kila kazi na bei yake, halafu tunadhani ukizijumlisha unapata jengo. Mi QS hilo limenichoma, maana BOQ, ile orodha ya kazi, vipimo na bei zake, ndo hivyo ilivyo, ukurasa wa zege, ukurasa wa nondo, ukurasa wa bomba, na hakuna mstari hata mmoja unaosema nini kinapita kutoka kwa nani kwenda kwa nani. Katikati ya kurasa ndo hela inakopotelea.

Wakaja Wamarekani wawili, Glenn Ballard na Greg Howell, wale walioanzisha taasisi ya Lean Construction mwaka 1997. Walifanya kitu rahisi sana: walichukua ratiba za wiki za saiti, wakahesabu kazi ngapi ziliahidiwa na ngapi ziliisha. Karibu imeisha ni sifuri, imebaki kidogo ni sifuri. Wastani waliopata kwenye miradi ya mwanzo ulikuwa kama asilimia 54.

Marekani. Penye makampuni makubwa na kompyuta na sheria kali za mikataba, karibu nusu ya kilichoahidiwa wiki hii hakitokei wiki hii. Nilipoisoma nilipata nafuu kwanza, nikasema kumbe sio sisi tu, halafu nikaogopa, kwa sababu maana yake vifaa vya bei ghali peke yake havijawahi kuliponya hili popote.

Jibu la Ballard ni kwamba mpangaji wa kweli ni yule wa mwisho, anayemwambia mtu kesho shika hiki. Kwetu huyo ni formeni na fundi kiongozi. Na kazi isiingie kwenye ratiba ya wiki mpaka masharti yake yametimia, ambayo Koskela aliyahesabu saba: ramani, vifaa, watu, mitambo, nafasi ya kufanyia, kazi iliyotangulia, na mambo ya nje kama mvua na vibali. Slabu yetu ilikuwa na sita.

Ubao

Tukachukua kipande cha plaiwudi ya boksi kilichochakaa, kikapigwa misumari ukutani karibu na stoo, na chaki. Nilimshawishi meneja wa mradi tuanze na hicho kabla ya kugusa programu yoyote. Kila Jumatatu mafundi viongozi wote wanasimama hapo, kila mmoja anasema wiki hii namaliza nini na nahitaji nini.

Wiki za mwanzo ilikuwa kazi bure kabisa. Unamuuliza fundi mwashi, "Kuta za upande wa nyuma zitaisha Ijumaa?" Sawa bosi. Fundi umeme? Sawa bosi. Seremala? Hakuna shida bosi. Funika kombe mwanaharamu apite. Ijumaa tunahesabu, zaidi ya nusu hamna kitu, Jumatatu tunarudia, sawa bosi.

Hapo nilikata tamaa kidogo. Nikawaza labda hii kitu inataka watu waliokulia kwenye utamaduni mwingine, ambako kumwambia mkubwa "haiwezekani" sio utovu wa adabu. Huku kwetu kijana wa deiwaka, kibarua wa kulipwa kwa siku, akisema haiwezekani, kesho getini anaambiwa leo hakuna kazi, na wapo wengine kumi nje wanasubiri. "Sawa bosi" sio uvivu wala uongo, ndo namna mtu anavyolinda ugali wa watoto wake.

Aliyebadilisha mambo ni mzee wetu wa nondo. Asubuhi moja zamu yake ikafika, meneja akamuuliza, "Mzee, nguzo za ghorofa ya tatu lini?" Mzee akajibu, "Wiki hii siahidi kitu. Ringi za kuzungushia nondo hazijakatwa, waya wa kufungia sina, na ramani ya nguzo za kona haieleweki, nimeshauliza. Mkinipa hivyo vitatu leo, Alhamisi mtazikuta."

Wote tukamwangalia meneja.

Na hapa ndo naona mradi mzima uligeuka, sio kwa mzee, kwa meneja. Hakubisha. Alichukua chaki akaandika ringi, waya, ramani, mbele ya kila kimoja akaandika jina la mtu wa kukitafuta na siku, na kwenye ramani akaandika jina lake mwenyewe. Mbele ya vibarua na mafundi na wote. Alhamisi nguzo zilikuwepo.

Jumatatu iliyofuata fundi bomba akasema bado. Fundi umeme akasema bado. Ule ubao ulijaa vitu tusivyovijua.

Sababu zilizoandikwa

Tuliweka sheria kwamba kila ahadi isiyotimia iandikiwe sababu, palepale, na mwenyewe aliyeahidi. Mi nilikuwa nazikusanya. Nilitegemea nione utoro, watu kuchelewa, kazi mbovu ya kurudia.

Kilichojaa ni vifaa havijafika. Kazi ya mwenzangu haijaisha. Konsalta hajajibu. Mwenye jengo hajachagua marumaru. Hela ya kununulia haijatoka.

Yaani ukiufuata kila mkwamo unapanda ngazi, unatoka saiti unaenda ofisini, unatoka ofisini unaenda kwa konsalta, unaishia kwa mwenye hela. Tumezoea kusema mafundi wetu wasumbufu, hawana nidhamu, na mi sisemi wote malaika, ila ule ubao hausemi hivyo, na mwandiko uliopo pale ni wa kwao.

Tofali lililohama

Kuna kitu nilikiangalia siku moja mpaka nikakaa chini. Tofali la inchi sita, lile zima lisilo na matundu, lina kilo 30 hivi. Lori lilimwaga tofali mbele ya geti kwa sababu nyuma kulikuwa na rundo la mchanga. Mchana mafundi bomba wakataka kuchimba chemba palepale, vibarua wakazihamishia pembeni ya ukuta. Kesho yake gari la nondo likashindwa kupita, zikahamishwa tena. Ndo baadaye zikapandishwa kwa winchi kwenda juu zinakojengewa.

Kijana mmoja anabeba kilo 30, anaweka, anarudi, na kwa siku nzima jengo halijaongezeka hata sentimita. Jioni analipwa, hela hiyo haipo kwenye mstari wowote wa BOQ, inazama kwenye faida ya mkandarasi na mkandarasi anashangaa mbona bei ilikuwa nzuri na hela haionekani. Kijana naye mgongo wake hauna akiba nyingine.

Dawa yake ilikuwa karatasi moja tu. Mchoro wa saiti, nini kinakaa wapi wiki hii, na dereva wa lori anatumiwa picha ya huo mchoro kwa WhatsApp kabla hajatoka yadi.

Stoo tupu? Hapana

Sehemu moja sikubaliani na wanaokariri vitabu. Wanasema usiweke mzigo stoo, kila kitu kije siku ya kutumika. Toyota wana wauzaji wao jirani na barabara zinazoeleweka. Sisi masika ikikolea lori la mchanga halitoki machimboni, na nondo ikipanda bei leo haikusubiri wewe na ratiba yako.

Ila sikubali pia kwamba basi tujaze stoo. Inategemea kitu. Nondo ukinunua mapema zinakaa, kutu ya juu juu haiui, umekwepa bei. Simenti ni kesi nyingine, inakunywa unyevu, Dar hii na hewa ya bahari mfuko ukikaa miezi unapoteza nguvu hata kama haujawa jiwe, na nimeona mifuko ya chini kabisa, iliyolazwa kwenye sakafu bila mbao, imegeuka mawe inatupwa. Kwa hiyo tukakubaliana nondo za ghorofa nzima zije, simenti ya wiki mbili basi, na marumaru zisije mpaka plasta imekauka, hata mwenye jengo akisema amepata ofa.

Kuhusu haraka

Novemba 2024 ghorofa lilianguka Kariakoo na watu wakafukiwa, tulikaa siku kadhaa tunafuatilia kama kuna sauti bado chini. Mtu wa ujenzi hawezi kuandika kuhusu kumaliza mapema bila hilo kumrudia.

Nilipoanza kuongelea haya mambo saiti, formeni aliniuliza swali zuri sana: "Sasa QS, tukishaondoa kusubiri kote, si ndo wataanza kutuambia tung'oe mirunda inayoshikilia slabu kabla ya siku zake?" Lilinikosesha usingizi hilo. Na nadhani jibu ni kutenganisha kusubiri kwa aina mbili. Kuna kusubiri ringi ambazo mtu alisahau kuagiza, hiyo ni hasara tupu. Halafu kuna kusubiri kwa zege. Lile halijalala, linafanya kazi, siku ya saba tunavunja kyubu za kwanza, vile vipande vya zege vya kupimia nguvu, siku ya 28 za mwisho, na mirunda chini ya slabu inakaa wiki mbili na chini ya bimu wiki tatu hata kama bosi ana hamu ya kuhamia. Kumwagilia maji ni kazi, iandikwe kwenye ubao na jina la mtu. Kwetu sasa imeandikwa.

Anayetumia neno lean kukata siku za zege, huyo anatafuta maafa tu.

Tableti ikarudi

Baada ya ubao kuzoeleka ndo tukairudia programu, na safari hii injinia kijana ndo alikuwa mbele, yule yule, kwa sababu yeye anaijua kuliko sisi wote. Alibadilisha kitu kimoja: bomba haliwi kijani mpaka fundi bomba amesema kwa mdomo wake. Wengine hawaandiki vizuri, wanatuma voisi kwenye grupu, "ghorofa ya tatu upande wa vyoo nimemaliza, matundu yapo yote nane", na picha. Injinia anahamisha. Haichukui muda.

Tulikutana na kizingiti hapo pia. Ofisini mtu alianza kutumia zile picha kuhesabu nani amekaa kivulini saa ngapi ili akatwe. Ndani ya wiki picha zikakauka, grupu likawa la salamu na misiba. Ilibidi meneja asimame atangaze kwamba picha ni za kazi, hakuna atakayekatwa kwa picha, na ilichukua muda watu kuamini.

Wenzetu Uingereza serikali yao ilishadai BIM kwenye miradi yake tangu 2016, yaani jengo zima liko kwenye kompyuta, bomba likigongana na bimu linaonekana kabla mtu hajashika chepe. Natamani sana tufike. Hapa kwetu zabuni za serikali tangu 2023 zinapita NeST, mfumo wa manunuzi wa mtandaoni, kwa hiyo hakuna wa kuniambia Watanzania hawawezi mifumo. Ila mfumo unaishia kwenye kusaini mkataba, ukishaingia saiti unakutana na kitabu cha storekipa.

Nani analipa kusubiri

Hapa ndo nilipofika na ndo nilipokwama.

Fundi wa kulipwa kwa mita, tofali zisipofika hana mita, hana hela, siku imekufa na ni yeye kaila. Deiwaka akiambiwa rudi nyumbani saa nne asubuhi nauli imeshaliwa. Mkandarasi naye cheti cha malipo kikikaa mezani kwa mtu miezi, anakopa kwa riba kununua simenti. Aliyesababisha kusubiri karibu kila mara sio anayelipia. Na mtu asiyelipia kitu hana haraka ya kukiondoa, awe na tableti awe hana.

Kwa hiyo kwenye fomu ya ripoti ya wiki nimeongeza safu mbili pembeni ya sababu: saa zilizopotea, na nani alipie. Konsalta wetu alikubali ya kwanza bila shida. Ya pili akasema haimo kwenye mkataba na ataomba iondolewe, mwenye jengo naye akasema tuijadili mradi ukiisha. Mi sijaiondoa. Nimemwomba meneja aiweke kwenye ajenda ya kikao cha mwezi na mzee wa nondo awepo, aeleze mwenyewe siku alizokosa ringi zilimgharimu nini.